Nimetumia National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa ya Marekani, kufukua nyaraka za mauaji ya marais, nawapa nyota zote

Wadau wa historia mlioko huku Maryland, na hata nyie wa Dar na Mombasa wenye bando, hawa jamaa kwa kitu cha bure wako vizuri mno. Makaratasi ya mauaji ya Rais Kennedy ya 1963 yako tawi la College Park, huku Maryland, kurasa zaidi ya milioni 5, sheria ya 1992 ndo ililazimisha yakusanywe pamoja. Kadi ya mtafiti hulipii, unaenda na pasipoti, begi na kalamu ya wino vinabaki kwenye loka, ndani ni penseli tu, boksi moja mezani na folda moja mkononi, picha piga mpaka simu ijae ilimradi flashi isiwake, na ukitoka mlinzi anakukagua karatasi zako. Kuna wanaoona usumbufu, mi naona sawa tu, maana karatasi ikichomolewa pale ndo imeenda hiyo.

Kutafuta sasa kuna ujanja wake. Usihangaike na jina la rais, uliza nani alimwandikia nani. Chukulia ripoti ya Dk. Charles Leale, kijana wa miaka 23, daktari wa kwanza kumfikia Rais Lincoln alipopigwa risasi pale ukumbi wa maigizo wa Ford's Theatre usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, aliiandika saa chache baada ya rais kukata roho halafu ikapotea mpaka 2012, mtafiti mmoja akaikuta kwenye maboksi ya barua alizopokea mkuu wa madaktari wa jeshi, imepangwa kwenye herufi L, L ya Leale, wala siyo ya Lincoln! Miaka 147 imekaa hapo hapo na haijaibwa na mtu.

Kwa Kennedy angalia namba ya waraka. Ikianza na 104 ni ya CIA, 124 ni FBI, 180 ni ile kamati ya bunge iliyochunguza upya mauaji miaka ya 70. Hata zile PDF zilizomwagwa Machi 2025 majina yake ni namba tupu, kwa hiyo usipoijua hiyo utafungua mafaili mpaka macho yaume.

Vingine havipo aisee na siyo kosa lao. Dk. Humes aliyeichunguza maiti ya Kennedy alichoma maandishi yake ya uchunguzi mwenyewe nyumbani, kile kikaratasi alichoacha Oswald, mtuhumiwa wa kumuua Kennedy, ofisi ya FBI ya Dallas kabla ya mauaji kilichanwa kikaenda na maji ya choo, na Secret Service, walinzi wa rais, waliharibu baadhi ya ripoti zao za ulinzi za 1963 mwaka 1995, yaani sheria ya kuzitunza ipo tayari!

Kwa hiyo wale wa mtandaoni wanaojidai watakutafutia "nyaraka zilizopotea" kwa dola, waogope. Rafiki yangu alilipa kampuni moja, siitaji, wakamtumia PDF zenye namba za 124 ambazo ziko wazi kwa kila mtu, na risiti wakamtumia.