Azimio la mchezoni na azimio la New York: lipi lina meno?

NationStates ni mchezo wa intaneti ulioanzishwa na Max Barry mwaka 2002. Kila mchezaji anaendesha nchi ya kubuni, na nchi zinazotaka hujiunga na World Assembly, baraza lililoitwa Umoja wa Mataifa hadi 2008, pale UM wenyewe ulipolalamikia jina lake kutumika.

Ukiliweka kando ya Baraza Kuu halisi la UM, lile la New York, mambo yanageuka. Machi 2, 2022, nchi 141 ziliitaka Urusi iondoe majeshi Ukraine. 5 zilipinga, 35 hazikuegemea upande. Majeshi hayakuondoka, kwa kuwa maazimio ya aina hiyo ni mapendekezo tu. Mchezoni, azimio likipita, programu inabadilisha sheria na takwimu za kila mwanachama papo hapo, aliyepiga kura ya hapana naye yumo. Hutaki? Jitoe uanachama.

Kura nazo hazifanani. New York kila nchi ina moja, na masuala mazito yanadai theluthi mbili. Kwenye mchezo wingi wa kawaida unatosha, ila mjumbe wa kanda, yaani kundi la nchi za mchezoni, hubeba kura za ziada kulingana na nchi zinazomuunga mkono. Wakubwa hawakosekani popote!

Kasoro ya mchezo ni kwamba azimio halirekebishwi. Kosa dogo likipita, dawa ni kulifuta lote na kuandika upya.

Kwa kujifunza uandishi wa sheria, mimi nachagua la mchezoni. Ila uzito wa aibu mbele ya dunia, huo uko New York. Mchezoni kuna wanaojivunia kulaaniwa rasmi na azimio la baraza.