Banda la ami Miembeni: pa kutazamia fainali za kikapu usiku wa manane

Watu wameniuliza sana fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, za 2025 nilikuwa nakesha wapi, maana kila asubuhi nilikuwa naingia kazini macho mekundu na habari zote ninazo kichwani, basi nieleze mara moja. Kuna banda Ng'ambo, huku Miembeni, halina kibao wala jina, watu wanaita banda la ami tu, na mie kwa roho safi nasema kama unapenda mpira wa kikapu na uko Unguja, sijaona pahala pa kutazamia panapopashinda hapo.

Kwanza muelewe tabu ya sie wa huku ni saa. Mechi ya fainali kule Marekani inaanza usiku wa mapema, saa mbili na nusu yao, sasa huku kwetu ni saa tisa na nusu usiku. Mabanda mengi yanaishi kwa Simba na Yanga na ligi ya Uingereza, ikifika saa sita mwenyewe kashazima kashafunga kenda zake kulala, kikapu nani akufungulie saa tisa? Ami anafungua. Mchujo unapoanza Aprili mpaka fainali Juni mechi kubwa zote anafungua, kuna siku raundi ya kwanza tulikuwa watu wanne tu na bado dele liko juu ya jiko na kahawa inamiminwa.

Kiingilio shilingi 1,000 na kikombe cha kwanza cha kahawa kimo humo humo. Telebisheni moja kubwa ukutani, picha safi, sauti haipasui masikio. Mabenchi ya mbao, na upande wa kushoto kuna mkeka na viti vinne vya plastiki kwa ajili ya kina dada, na wanakuja kweli, wengine wanacheza kikapu tangu skuli na wanajua mchezo kuliko nusu ya wanaume walioko mabenchini. Bi Mkubwa, mkewe ami, anatoa maandazi ya iliki kwenye saa kumi hivi, ya moto, ukichelewa yashakwisha, chukua mawili mapema. Chai ya maziwa ipo lakini mie nashauri kahawa na kashata, usiku ule chai inakulaza.

Lakini yote hayo mtu anaweza kuyapata kwao. Kilichonifanya nitoke kitandani usiku hata siku za kazi ni ami mwenyewe na ufito wake. Kisimbuzi chake kinarekodi, anaweza kusimamisha picha na kurudisha nyuma, na ukutani pembeni ya telebisheni kuna ufito mwembamba, akiona jambo anasimamisha, anainuka, anagusa kioo taratibu kwa ncha ya ufito anasema, "Mpira uacheni, mtazameni huyu asiyekuwa nao." Mwanzo watu wanakasirika, ami tuachie tutazame, lakini ukishakaa naye wiki mbili huwezi tena kutazama kikapu vyengine.

Ntakupeni mfano nilioushika hasa. Mei 18, mechi ya saba ya raundi ya pili ya mchujo, Oklahoma City Thunder, waliokuja kuwa mabingwa, na Denver Nuggets, ile ilichezwa mchana kwao kwa hiyo huku ilianguka saa nne na nusu usiku, banda limejaa mpaka watu wamesimama mlangoni. Denver wana Nikola Jokić, jitu la mita 2.11, anafunga, anapasia, anafanya kila kitu. Thunder wakamwekea Alex Caruso, gadi, yaani mchezaji wa nje, wa mita 1.96. Tukapiga kelele sote, hawa wana wazimu, wataliwa leo! Ami akasimamisha picha. Akauweka ufito baina ya Jokić na mpira, akasema tazameni kasimama wapi, hakusimama nyuma yake, kasimama mbele, sasa mpira ukitaka kumfikia yule mrefu lazima urushwe juu, na ukirushwa juu nyuma kuna mrefu mwengine wa Thunder anausubiri, na hawa watatu wengine kila mmoja kashasogea hatua mbili kuziba pengo. Akaachia picha. Pasi ikarushwa juu, ikapotea. Halafu tena. Halafu tena. Mechi ikaisha 125 kwa 93, na Jokić tumemuona anahema kama mtu aliyebebeshwa magunia ya karafuu, maana kila mpira alikuwa anaupigania kwa mwili mzima na mtu mfupi kamganda kifuani.

Kuanzia usiku ule ndo nikaelewa ami anasema nini kuhusu timu ya ubingwa. Staa kila timu inaye, bwana. Ukifika raundi ya pili ya mchujo hakuna tena timu isiyokuwa na staa. Mnacheza na timu ile ile mara nne mpaka saba mfululizo, wa kwanza kushinda nne ndo anapita, wanakujua unakunywa maji saa ngapi, staa wako keshawekewa watu wawili, sasa hapo suali ni yule wa sita na wa saba na wa nane wako ni nani, na je yuko tayari kufanya kazi isiyoandikwa popote? Thunder walishinda mechi 68 msimu wa kawaida, wana Shai Gilgeous-Alexander aliyechukua MVP, yaani mchezaji bora, ya msimu na ya fainali vilevile, sawa, lakini Caruso na Lu Dort, wale waliokuwa wakitumwa kumkaba mtu hatari wa kila timu, wote wawili hawakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, pale timu zinapogawana wachezaji wapya. Hawakutakiwa na mtu! Na bila ya hao mie naamini ubingwa ule haupo.

Kuna dada mmoja wa pale mkekani alimjibu ami vizuri sana siku ile, akasema ami usimsahau Jrue Holiday, gadi wa Bucks. Fainali za 2021, Bucks na Suns wako mbili kwa mbili, mechi ya tano, zimebaki sekunde chache na Bucks wanaongoza kwa pointi moja tu, Devin Booker wa Suns anaingia kufunga, Holiday akampokonya mpira mikononi, na badala ya kuukumbatia asubiri kufanyiwa faulo akakimbia akaurusha juu kwa staa wao Giannis, dunki. Bucks bingwa mechi iliyofuata, Giannis akafunga 50 na dunia nzima ikaimba Giannis. Miaka mitatu baadaye Boston bingwa, Holiday yumo tena. Ami akanyamaza, akamwambia, "Mwanangu, leo ufito nikupe wewe." Banda zima likapiga makofi.

Sasa nisifiche, kuna mabaya.

Umeme. Mechi ya nne ya fainali, Thunder wako nyuma mbili kwa moja kwa Indiana Pacers, robo ya nne, wakipoteza hiyo imekuwa tatu kwa moja na hapo kutoka ni shida kubwa, na umeme ukakatika. Giza. Jenereta ya ami ni ya zamani, ikavutwa kamba ikakataa, ikavutwa tena ikakohoa ikazima, jamaa mmoja akatoa vespa yake nje awashe taa ya mbele tuone, ilipokuja kuwaka mechi imekwisha 111 kwa 104 na Shai alikuwa kafunga pointi 15 katika dakika tano za mwisho. Na kwa kuwa kisimbuzi kilizimika hakikurekodi kitu. Tulikuja kutazama vipande kwenye simu ya kijana mmoja, vichwa kumi na mbili juu ya kioo kimoja. Iliniuma sana na mpaka leo inaniuma, zile dakika tano ndizo zilizougeuza mfululizo mzima. Ami alimrudishia kila mtu hela yake bila ya kuombwa, hilo nalisema pia.

Baya la pili, choo kiko nyumba ya jirani, kina dada wanapata tabu. La tatu mbu. Basi.

Na kuna kanuni ya simu mfukoni, kwa sababu ya kusimamisha picha tunaweza kuwa nyuma ya mechi dakika tano sita, ukisoma matokeo ukayatamka unatolewa nje. Nimeona kwa macho yangu katolewa mtu mzima. Kanuni nzuri, mechi ya kwanza ya fainali ingekuwa imeharibika: Pacers hawakuongoza hata mara moja usiku kucha, walikuwa nyuma kwa pointi 15 robo ya nne, mpaka zilipobaki sekunde 0.3 tu, hapo staa wao Haliburton akafunga, 111 kwa 110. Zilikuwa siku hizo hizo za Idi kubwa, watu tumetoka mle ndani kama tumepewa Idi mapema.

Mechi ya saba ndo nataka niimalizie, alfajiri ya Juni 23. Haliburton kaanza kwa moto, kashatia mitupo mitatu ya pointi tatu, mara akataka kuchomoka, mguu ukagoma, akaanguka, akawa anapiga sakafu kwa kiganja. Kano ya kisigino imekatika. Banda kimya kabisa, hata wale wa Thunder. Ami hakusimamisha picha wala hakurudisha nyuma, alisema hiyo hatuitazami mara mbili. Pacers bila ya yeye wakaenda mapumziko wanaongoza 48 kwa 47, McConnell gadi wao wa benchi anakimbia kama hana mapafu ya binaadamu wa kawaida, na mie niliyekuwa Thunder msimu mzima nikajikuta nawaombea hawa. Robo ya tatu Thunder wakaibana, 81 kwa 68. Robo ya nne imeanza tu, adhana.

Hapa nataka watu waelewe ami ni mtu wa namna gani. Mechi ya saba, ubingwa, banda limejaa, akakamata rimoti akasimamisha picha, Shai yuko hewani na mpira mkononi, akasema tukaswali kwanza, haendi popote. Tukatoka sote, tukaswali jamaa msikiti wa jirani, tukarudi, Shai bado yuko hewani. Bi Mkubwa kamimina kahawa nyengine bure. Ikaachiwa, ikaisha 103 kwa 91, ubingwa wa kwanza wa Oklahoma City, na bingwa wa saba tofauti katika miaka saba. Vijana wakawa wanajisifia kwamba Hasheem Thabeet wetu aliwahi kuivaa jezi ile ile, na kweli aliivaa. Ami yeye akarudi kwa Hakeem Olajuwon, yule Muislamu mzaliwa wa Nigeria, kama kawaida yake, Houston Rockets 1995, wameingia mchujo nafasi ya sita upande wa Magharibi wakachukua ubingwa, na Februari ya mwaka ule ule Hakeem alikuwa amefunga Ramadhani na akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Hiyo nishaisikia mara kumi na nataka kuisikia tena.

Kama utakwenda, fainali fika saa tisa kamili, benchi la pili upande wa ukuta ndo zuri, la mbele unavunjika shingo. Nenda na shilingi ndogo ndogo, ami hana chenji. Na ami, kama yatakufikia haya, vijana tushakubaliana kuchanga kwa ajili ya jenereta, tuambie tu lini tuje tuichukue ile mbovu kwa fundi kabla ya Aprili.