Uzoefu wangu: kutengenezewa tovuti ya dagaa Mwanza, na kazi ambayo fundi hawezi kumfanyia mteja

Huduma ninayoitathmini ni utengenezaji wa tovuti ya kuuzia dagaa wa pakiti, iliyofanywa na timu ya watu 3 hapa Mwanza: msanifu wa mwonekano, fundi wa programu na mratibu. Tulikubaliana kurasa 6, lugha 2, fomu ya oda, kitufe cha WhatsApp na mafunzo ya saa 2. Mkataba ulisema wiki 6. Kazi ikaisha wiki ya 10. Kati ya wiki 4 zilizozidi, 3 zilitoka upande wa mteja, yaani sisi wenye duka: bei hazijakamilika, picha hazifai, na watu 3 wa duka moja wanatuma maoni yanayopingana. Timu naipa nyota 4 kati ya 5. Nitakaa zaidi kwenye upande wa mteja, kwa sababu huko ndiko kazi ilikokwama.

Fundi anajua programu, hajui dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wengi hupumzika, mzigo unaofika soko la Mwaloni Kirumba unapungua na bei inapanda. Kwa mtu wa sokoni hili halihitaji kusemwa, lakini msanifu aliambiwa tu "wekeni na bei", akaichora ndani ya picha ya bango. Kubadili tarakimu moja kukawa ni kumrudia yeye na programu yake ya kuchorea. Agizo lililotakiwa tangu siku ya kwanza ni hili: bei hubadilika karibu kila mwezi, nataka niibadilishe mwenyewe kwa simu, na mzigo ukiisha niandike "umeisha" bila kufuta bidhaa. Kwa agizo hilo fundi hupanga kila bidhaa na nafasi yake ya bei, uzito na hali ya mzigo. Akiambiwa baada ya kurasa kukamilika, anabomoa na kuanza upya, na ana haki ya kudai nyongeza.

Vivyo hivyo ubora. Dagaa walioanikwa juu ya kichanja na dagaa walioanikwa mchangani hawauzwi bei moja, na mnunuzi aliye mbali hawezi kutia mkono guniani akasikia mchanga. Tofauti hiyo lazima iandikwe, na wa kuiandika ni mwenye mali. Kilichofanya kazi ni jedwali la Excel, mstari mmoja kwa kila bidhaa: jina, namna ilivyokaushwa, uzito wa pakiti (gramu 250, gramu 500, kilo 1), bei, maelezo ya sentensi 2, na jina la faili la picha. Bidhaa 12 zilichukua jioni 2 kuandika. Kabla ya jedwali, taarifa hizohizo zilikuwa zimetawanyika kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na mratibu alikuwa anasikiliza na kukisia.

Picha: ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na ubora unashuka. Itume kama faili, au weka zote kwenye Google Drive. Piga asubuhi, kivulini, pakiti ikiwa imesimama. Jua la saa sita linang'aa kwenye nailoni na lebo haisomeki. Kazi ya kuzipunguza kwa ajili ya tovuti mwachie fundi, ila mdai ukurasa mzima ufunguke vizuri kwa simu ya bei nafuu yenye bando dogo. Jaribu ukiwa mbali na katikati ya jiji, usijaribu kwenye Wi-Fi ya ofisi yake.

Maoni yatoke kwa mtu mmoja. Wengine wakusanye kwake, wakubaliane, yeye atume mara moja kwa wiki. "Haijakaa vizuri" halimsaidii fundi. Mwandikie: ukurasa gani, simu gani, umebonyeza nini, kimetokea nini, ulitegemea nini. Mkataba wetu ulikuwa na raundi 2 za marekebisho. Ya kwanza iliishia kwenye ubishi wa rangi ya kijani. Raundi ya kwanza itumie kwa maneno, bei na mpangilio. Rangi zinangoja.

Jambo ambalo sitalilegeza kamwe ni umiliki. Jina la tovuti, yaani ile .co.tz, lisajiliwe kwa jina la biashara yako na barua pepe yako, si ya fundi. Akaunti ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, vivyo hivyo, hata kama yeye ndiye anayelipia kwa niaba yako. Fundi akihama au mkikosana, asiye na nenosiri hana tovuti. Malipo tuligawa 40, 30 na 30 kwa mia, na ya mwisho yalitoka baada ya kukabidhiwa akaunti zote na nakala kamili ya tovuti. Ukitaka wateja walipie kwa simu humo humo, anza mapema kuandaa TIN, leseni ya biashara na akaunti ya benki. Uhakiki wa mtoa huduma za malipo hauharakishwi na fundi.

Majaribio ya mwisho ni ya mteja pia. Kitufe cha WhatsApp hakikufunguka kwa sababu namba iliandikwa ikianza na 0; kwenye kiungo inatakiwa ianze na 255, bila 0 wala alama ya kujumlisha. Nyota niliyoipunguza inatokana na fomu ya oda: ilisema "imetumwa", huku barua pepe zikiangukia kwenye taka, kwani rekodi za kuthibitisha mtumaji hazikuwekwa kwenye jina la tovuti. Fundi alipaswa kuligundua kabla yangu. Jaza fomu mara 5, kwa simu tofauti, kisha uhesabu ngapi zimefika.

Mafunzo ya saa 2 yarekodiwe, na aliyeshika simu awe wewe, si mkufunzi. Ukurasa wetu wa "Tulipo" uliwaelekeza wanunuzi wa Sengerema na Geita wapange foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi. Daraja la hapo lilipofunguliwa Juni 2025 maelekezo hayo yalipitwa na wakati siku hiyohiyo. Kuyabadilisha kulichukua dakika 5, bila kumpigia mtu.