"Nightfall": Majua Sita, Usiku Mmoja

Habari zenu wapendwa, karibuni. Hapa Moshi umeme umekatika tangu magharibi, mnaniona kwa tochi ya simu tu, na bidhaa ya leo inaufaa usiku huu: "Nightfall", hadithi fupi ya Isaac Asimov, iliyotoka 1941 akiwa na miaka 21.

Sayari inaitwa Lagash. Ina majua sita, moja likizama jingine lipo, hivyo hakuna anayejua usiku. Ila kila baada ya miaka 2049 linabaki jua moja angani, nalo linapatwa. Wataalamu wameshapiga hesabu: ni leo.

Paliponishika mimi ni pale kwenye handaki la maonyesho. Watu walilipa kiingilio, wakapanda kigari, wakapitishwa gizani dakika 15. Wapo waliokufa kwa woga. Wengine walitoka hai lakini wakakataa kabisa kuingia tena ndani ya nyumba yoyote. Na humo handakini, jamani, hamkuwa na mnyama wala jini. Giza tu!

Nimekulia Kibosho. Nikitumwa kwa shangazi usiku, nilikatiza kihambani, shamba letu la migomba, huku naimba kwa sauti. Sikuwa naogopa nyoka. Nilikuwa naogopa kunyoosha mkono mbele yangu nisiuone. Asimov ameligusa hilohilo, bila kuweka zimwi lolote nyuma ya mgomba.

Kasoro ipo: sehemu kubwa ni wanaume wanaongea katika jengo moja, profesa anamwelezea mwandishi wa habari, maelezo marefu. Vumilia. Wakishawasha mienge yao ya matete yaliyolowekwa mafuta ya wanyama, hutaiweka chini.

Mwisho nauharibu kidogo, mnisamehe. Mimi nikitoka kwenye migomba, nikafika barabarani, nyota zilikuwa zinanituliza moyo. Watu wa Lagash waliamini ulimwengu wote ni yale majua yao sita. Giza linaingia, wanainua macho, wanakuta nyota elfu thelathini. Hizo ndizo zinazowamaliza. Faraja yangu ya utotoni, kwao ndiyo kitisho kikubwa kuliko giza lenyewe. Nilisoma ukurasa ule mara tatu.

Kuna pia riwaya ndefu ya 1990, aliyoandika pamoja na Robert Silverberg. Anza na ile fupi. Kiingereza chake si kigumu, unaimaliza kwa jioni moja. Isome ukiwa kibarazani, siku ambayo wingu limeondoka mlimani.