Mchanga na maji ya bahari: kipi hupata moto upesi?

Saa saba mchana Jambiani, pwani ya Zanzibar, maji yamekupwa. Vua ndara ukanyage mchanga mkavu: utarukaruka. Ingia dimbwini kwenye mwani unaolimwa na akina mama, maji ni vuguvugu tu. Jua ni lilelile, kulikoni?

Halijoto hueleza kitu kina moto kiasi gani. Joto ni nishati inayoingia au kutoka. Wengi hujikwaa hapo, nami nilijikwaa. Kinachoviunganisha ni joto mahususi: nishati inayotakiwa kupandisha gramu 1 ya kitu kwa nyuzi 1 ya Selsiasi.

Mchanga unataka takriban jouli 0.8 (jouli ni kipimo cha nishati). Maji matamu yanataka 4.18, ya bahari, kwa chumvi yake, pungufu kidogo, kama 4.0. Ukivipa jouli 8,000 kwa kilo moja moja, mchanga utapanda nyuzi 10, maji ya bahari 2. Tena mwanga hupenya majini na mawimbi huyachanganya, hivyo joto hutawanyika. Mchanga huungua juu tu; chimba shubiri moja, utakuta ubaridi.

Usiku mambo hugeuka. Mchanga uliopokea kwa pupa hutoa kwa pupa. Alfajiri halijoto ya bahari huwa juu kuliko ya ufukwe.

Kwa kuweka akiba ya joto, nachagua maji bila kusita. Kwa kuanika mwani ukauke upesi, mchanga. Ila tandika turubai kwanza, maana mnunuzi hataki kupimiwa mchanga.