Tiger I ya Heng Long: seti ya chuma inafaa, ya shaba nunua kwa kuchagua

Ukiwa na pesa za kuboresha kitu kimoja tu kwenye kifaru cha rimoti, nunua giaboksi za chuma, yaani visanduku vya gia vinavyozungusha minyororo. Achana kwanza na minyororo ya chuma, na mzinga wa alumini, na zile bati nyembamba za shaba zinazong'aa kwenye picha za wauzaji. Wengi hapa Nairobi huanza na minyororo kwa sababu ndiyo inayopendeza machoni, halafu baada ya wikendi mbili wanatafuta fundi wa kuwachongea gia.

Kifaru tunachokizungumzia ni mfano wa Tiger I, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili, unaotengenezwa na kampuni ya Kichina ya Heng Long, namba 3818, kipimo cha 1 kwa 16. Tiger halisi ilikuwa na urefu wa mita 8.45 mzinga ukitazama mbele, kwa hiyo mfano huu una takriban sentimita 53. Pima rafu kwanza. Toleo la kawaida lina gia na minyororo ya plastiki, la kati lina gia za chuma, na lile la Pro kwa kawaida huja na gia, minyororo na magurudumu ya mbele na ya nyuma ya chuma tayari. Kama hujanunua bado, chukua Pro na uruke nusu ya makala haya: ukijumlisha bei ya giaboksi, minyororo na magurudumu ukinunua kimoja kimoja, inapita tofauti ya bei kati ya toleo la kawaida na Pro, na bado hujalipa usafiri mara tatu. Yanayofuata ni ya mwenye kifaru cha plastiki mezani.

Mwili ni wa plastiki ya ABS, mgumu, na umbo la jumla ni zuri. Kinachokosekana ni wembamba. Mabawa ya pembeni juu ya minyororo ni manene kupita kiasi kwa kipimo hiki, na plastiki haiwezi kuiga wavu wa waya uliofunika matundu ya injini.

Sasa giaboksi. Mnyororo wa chuma ni mzito mara kadhaa kuliko wa plastiki, na kifaru hugeuka kwa kuzungusha upande mmoja mbele na mwingine nyuma. Hapo ndipo meno ya plastiki hukatika, hasa kwenye zulia au nyasi ambako mnyororo unashika. Dalili ni mlio wa kukwaruza upande mmoja, kisha kifaru kinazunguka pale pale ukikiamuru kwenda mbele.

Toa betri kabla ya kugusa chochote. Laza kifaru kichwa chini juu ya taulo, fungua skrubu za chini, na zipange kulingana na urefu: skrubu ndefu ikirudi mahali pa fupi hutoboa upande wa pili. Nyanyua kiwiliwili cha juu polepole kwa sababu waya za mnara, spika na mtambo wa moshi zimeunganishwa na bodi ya umeme iliyo chini. Piga picha ya plagi zote kwa simu, kisha ndiyo uzichomoe kwa kushika plagi yenyewe, si waya.

Giaboksi mpya zijaribiwe nje ya kifaru kwa betri mbili za AA, yaani volti 3. Mlio uwe mmoja mfululizo. Ukisikia unapanda na kushuka kila mzunguko, ama kuna unyuzi wa chuma uliobaki kati ya meno, ama mota imebanwa karibu mno na gia ya kwanza. Dawa ya la kwanza ni kufungua ubavu wa giaboksi, kusugua kwa mswaki na mafuta ya taa, kukausha, na kupaka grisi ya lithiamu kiasi cha punje ya mchele kwa kila gia. Grisi nyingi haisaidii, inakusanya vumbi tu. Dawa ya la pili ni karatasi. Legeza skrubu za mota, pitisha ukanda wa karatasi ya kawaida kati ya gia ndogo na kubwa, sukuma mota mpaka zishikane, kaza, kisha zungusha karatasi itoke. Nafasi inayobaki inatosha.

Skrubu zinazoingia kwenye plastiki ya ABS huharibu mashimo zikikazwa ovyo. Zungusha bisibisi kinyume kwanza hadi uhisi skrubu imedondoka kwenye mfereji wake wa zamani, ndipo ukaze, na usimame inapogusa. Gundi ya kuzuia skrubu kulegea, ile ya buluu, ni ya chuma kwa chuma peke yake. Ikidondokea ABS, plastiki hupasuka nyufa nyembamba ambazo huzioni mpaka nguzo inayoshika skrubu ivunjike. Na ukikuta upande mmoja unarudi nyuma ukiuambia uende mbele, badilisha waya mbili pale kwenye mota. Bodi haina kosa.

Kabla ya kuvaa minyororo, inua kifaru juu ya kitabu na uache giaboksi zizunguke hewani dakika kumi mbele na kumi nyuma kwa mwendo wa chini. Kisha gusa mota. Iwapo moja ni ya moto na nyingine ya vuguvugu, rudi kwenye karatasi.

Minyororo ya seti ya chuma, ile yenye giaboksi, minyororo na magurudumu, ni kazi nzuri. Vipande vinajipinda bila kukwama na uzito wake unafanya kifaru kitembee kama kitu cha tani nyingi badala ya kuteleza. Tatizo lake ni pini. Zikitikisika husogea upande wa ndani, zikaanza kukwaruza kiwiliwili, na siku moja mnyororo unaachana katikati ya uwanja. Pitia kila pini: sukuma ikae sawa, kisha weka tone dogo la supaglu kwenye ncha ya nje kwa kutumia sindano, si mdomo wa chupa, maana gundi ikiingia kwenye bawaba kipande kinaganda. Hesabu vipande vya pande zote mbili vilingane. Upande ukizidi hata kimoja, mikazo inatofautiana na kifaru kinavuta kando.

Mkazo wenyewe una kipimo rahisi. Tiger haikuwa na magurudumu madogo ya kubeba mnyororo juu, kwa hiyo sehemu ya juu inatakiwa ilegee mpaka ilale kwenye magurudumu makubwa ya katikati. Ukiukaza ukanyooka, unabana shafti na mota inakula umeme bure. Ukiulegeza mno, utatoka kwenye gurudumu la meno mara tu ukirudi nyuma huku ukigeuka. Gurudumu la meno la plastiki lisibaki na mnyororo wa chuma. Tundu lake lenye bapa hugeuka duara, shafti inazunguka ndani yake, na utailaumu giaboksi bure.

Chuma chote hiki kinaongeza uzito mbele na nyuma, hivyo pua ya kifaru huinama. Weka springi ngumu kwenye mikono ya kwanza na ya mwisho inayobeba magurudumu tu. Ukibadilisha zote, magurudumu hayachezi tena na kifaru kinadunda juu ya kokoto.

Upande wa umeme tusikae sana. Mfumo ni wa volti 7.4, ambazo chaji ikijaa ni 8.4. Pakiti ya seli tatu ikijaa hufika 12.6, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuchoma bodi iliyotengenezewa seli mbili. Unaweza kujengewa pakiti kwa mafundi wa Luthuli Avenue kwa seli mbili za 18650 na bodi ya ulinzi ya seli mbili, lakini usinunue seli iliyoandikwa 9900 mAh. Seli ya kweli ya aina hiyo huwa kati ya 2000 na 3500, na ikizidi hapo haizidi sana. Inayojisifu mara tatu ya hizo mara nyingi haifiki hata 1500. Mtambo wa moshi uzimwe tanki lake likikauka, vinginevyo utambi unaungua na harufu haitoki.

Seti ya shaba, yaani zile bati nyembamba za mapambo, ndiyo iliyotugawanya. Kwanza, seti nyingi za kipimo hiki zimepimwa kwa Tiger ya Tamiya, kampuni ya mifano ya Kijapani, si ya Heng Long. Vipande vya juu ya injini vinakaa vizuri kwa kutiwa tupa kidogo pembeni. Mabawa na mashimo yake hayalingani, na utajaza na kutoboa upya. Pili, hiki ni kifaru cha kuendeshwa. Bawa la shaba la unene wa karatasi ni zuri ajabu kwenye kabati la kioo, ila mtoto akikinyanyua kifaru kwa kushika ubavuni, limekunjika na halirudi kuwa bapa.

Kwa hiyo chagua. Wavu wa injini, ndiyo, bila kufikiri: ni vipande vichache, viko juu kabisa vinaonekana, na ndani ya saa moja kifaru kimebadilika. Vibanio vya vifaa vya pembeni, ndiyo, kwa mwenye macho na subira. Mabawa, hapana. Vibanio vidogo vyenye bawaba za vipande vitatu kila kimoja, acha wenye vifaru vya kabatini.

Namna ya kuifanyia kazi shaba: kata juu ya kigae, si juu ya mbao, ili kipande kisikunjike chini ya kisu. Kinachohitaji kukunjwa duara kipitishe kwanza juu ya moto wa gesi hadi kibadilike rangi, kiache kipoe, na kitakuwa laini. Kinachokunjwa kwa kona usikipashe moto. Kibane kati ya rula mbili za chuma na ukiinue kwa wembe. Osha kwa siki, suuza, kwaruza upande wa ndani kwa msasa namba 400, bandika kwa supaglu nzito. Gundi ya plastiki haishiki shaba.

Mzinga wa alumini una faida moja, unyoofu. Lakini angalia tundu. Milimita 88 kwa 16 ni 5.5, ilhali toleo linalorusha vidonge vya plastiki linahitaji kupitisha vya milimita 6, kwa hiyo mdomo wake hauwezi kuwa wa kipimo. Ukiacha urushaji na kubaki na mapambano ya miale ya infraredi, fundi wa kukereza pale Kariobangi Light Industries anaweza kukutolea mzinga kutoka fimbo ya alumini ukimpelekea mchoro wenye vipimo. Asitumie shaba wala chuma: uzito ule mbele ya mnara unachosha mtambo wa kuinua mzinga, ukishuka haupandi.

Tena seti za nyongeza huchanganya enzi bila haya. Vichujio vya hewa vya Feifel vilivyokuwa mgongoni ni vya Tiger za mwanzo. Mnara mdogo mpya wa kamanda ulianza Julai 1943, ute wa Zimmerit wa kuzuia mabomu ya sumaku ulianza kupakwa kiwandani katikati ya 1943, na magurudumu makubwa ya katikati ya chuma tupu, yasiyo na ukingo wa mpira, yaliingia Februari 1944. Tiger yenye Feifel na magurudumu hayo ya chuma tupu pamoja ni mchanganyiko usioweza kuutetea mbele ya anayejua. Kwa anayetaka mfano wa kunakili, Tiger 131 iliyotekwa Tunisia mwaka 1943 imehifadhiwa Bovington, Uingereza, na imepigwa picha kila pembe.

Rangi: shaba na chuma vinahitaji praima ya chuma, la sivyo rangi inabanduka kwa ukucha. Wachanganyaji wa rangi za magari Kirinyaga Road wakipewa namba ya rangi RAL 7028, njano ile ya Wajerumani ya kuanzia Februari 1943, wanakutolea kiasi kidogo. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, nyunyiza adhuhuri. Jioni unyevu unaacha ukungu mweupe juu ya rangi. Minyororo usiipake kabisa, itachubuka siku ya kwanza. Ioshe, itie dawa ya kusawijisha chuma, kisha ipanguse.

Kuhusu mahali pa kuendesha, marramu yenye kokoto ndogo ni adui mkubwa kuliko tope, maana jiwe moja likikaa kati ya jino na mnyororo linasimamisha mota ghafla huku umeme unaendelea kuingia. Mnyororo ukikwama, achia rimoti mara moja. Udongo mweusi wa South C na Embakasi mvua ikinyesha ni habari nyingine: unajaa kati ya magurudumu yaliyopishana na kukauka kama saruji. Tiger halisi ziliteseka vivyo hivyo upande wa Urusi, tope likiganda usiku katikati ya magurudumu. Safisha kwa mswaki na maji siku hiyo hiyo, kabla halijakauka, na kumbuka kufikia gurudumu la ndani unatoa la nje kwanza.

Ukiagiza kutoka nje, betri iwe ndani ya kisanduku cha kifaru. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na agizo la betri peke yake linaweza kukwama au kurudishiwa pesa. Chagua toleo la infraredi lisilorusha vidonge, upunguze maswali ya forodha. Hesabu VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine juu ya bei unayoiona. Chaja pia mara nyingi huja na plagi isiyoingia kwenye soketi zetu za pini tatu. Katika agizo hilo hilo ongeza pini za mnyororo kama ishirini, vipande vinne vya mnyororo, springi mbili ngumu na mota moja ya akiba.