Kadi za harusi Makoroboi: Kiswahili chake ni cha kuaminika, Kiingereza nenda nacho mwenyewe

Duka hili la kuchapa kadi, lililo jirani na Makoroboi katikati ya jiji la Mwanza, ninalipendekeza bila kusita kwa kamati yoyote ya harusi inayotaka kadi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa uangalifu na kukabidhiwa kwa wakati. Anayehitaji kadi ya Kiingereza ajiandae kusoma kila mstari kabla ya kuruhusu mashine iwashwe.

Kamati yetu ilinikabidhi kazi ya kusimamia kadi za harusi ya mpwa wangu. Wakwe wanatoka Ukerewe, hivyo sehemu ya kadi ilitakiwa kuwahi meli ya Nansio, na bwana harusi alikuwa na wageni wa Kampala ambao tuliona ni heshima kuwaandikia kwa Kiingereza. Kuhusu karatasi na rangi sina mengi ya kusema: kadi za shilingi 1,500 ni ngumu vya kutosha, maandishi ya dhahabu hayabanduki kwa kidole, na bahasha zinafungika vizuri.

Kinacholitofautisha duka hili na mengine ni mama anayesahihisha. Huweka rula chini ya kila mstari na kusoma majina kwa sauti, silabi kwa silabi, huku mteja akimsikiliza. Katika mji wenye akina Ng'wandu na Ng'homango wengi kama huu, huduma hiyo si ndogo, kwa sababu hati nyingi za mapambo hazina alama ya ritifaa, au huipeperusha juu mbali na herufi yake, na jina la babu wa watu likatoka limeharibika. Hati tuliyoipenda sisi aliikataa papo hapo kwa sababu hiyo, akatuonyesha nyingine isiyo na madoido mengi. Aliuliza pia kama baba mzazi aandikwe Bw. au Mzee, na akahakikisha kwamba kadi za singo na za dabo zimetengwa kabla ya kufungwa kwenye maboksi.

Umakini huo haufiki upande wa Kiingereza. Kiolezo kilichomo katika kitabu chao cha sampuli kinamwalika mgeni kwenye “the matrimony” ya vijana wawili, ukumbini, kuanzia saa moja jioni. “Matrimony” ni neno la kirasmi linalotaja ndoa yenyewe, yaani kile kifungo kinachowaunganisha mume na mke na hali ya kuishi ndani yake, hasa ndoa inapotajwa kwa lugha ya kanisa au ya sheria. Kitabu cha sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 kinalo neno hilo katika kichwa cha ibada ya kufungisha ndoa, na Wakatoliki wanaosali kwa Kiingereza huiita hivyo mojawapo ya sakramenti saba. Maharusi huingia katika hali hiyo. Wageni hawaalikwi kuila pamoja na pilau. Shughuli ya ukumbini huitwa “wedding reception”, na anayependa neno zito alitumie pale panapotajwa kanisa na saa ya ibada, kwa mfano “solemnization of holy matrimony”.

La kushangaza ni kwamba kadi ya Kiswahili ya duka hilohilo haikosei hata kidogo. Inaeleza kwamba ibada ya ndoa itafanyika kanisani saa nane mchana na kufuatiwa na sherehe ya harusi ukumbini, mambo mawili katika mistari miwili, kila moja na mahali pake. Ingetosha kuifuata kadi hiyo.

Sampuli nyingine ilikuwa na “matrimonial ceremony”. Mwanasheria aliyemo katika kamati yetu aliisoma akacheka, maana yeye neno hilo hukutana nalo zaidi kwenye mashauri ya ndoa na katika ugawaji wa mali ya wanandoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mambo ambayo kwa kawaida huletwa kwake wakati talaka iko njiani. Mwenye duka alipendekeza “nuptial” badala yake. Hilo angalau linahusu tukio la kufunga ndoa, ila likisimama peke yake kama jina huandikwa kwa wingi, “nuptials”, na hata hivyo lina majivuno kidogo kwa kadi ya kawaida. Tukachagua “wedding”, na wageni wa Kampala walielewa wanakokwenda.

Mabadiliko yote yalifanywa bila malipo ya ziada na bila kununa, jambo ambalo si kila mchapaji wa mjini hapa atakufanyia. Kiolezo, hata hivyo, bado kimo kitabuni, kwa maelezo kwamba wateja wamekizoea na kwamba neno fupi linaonekana dogo mno kwa kadi ya dhahabu.

Malipo ya awali ni nusu ya gharama. Anayepanga harusi ya baada ya Pasaka apeleke oda yake mapema, kwa kuwa harusi nyingi za Kikristo husubiri Kwaresima iishe, na katika majuma hayo hata yule mama wa rula huwa hana nafasi ya kukusomea majina mara mbili.